Sarafu ya babu: Usivunje kasha kabla hujajua

Ni nyumba chache zinazokosa mkebe wa pesa za zamani. Mna humo shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, senti kumi zenye tundu katikati, pengine hata zile za mwaka 1936 zilizochapwa jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza ambaye hakumaliza mwaka kitini. Wengine wana ile ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru.

Siku hizi sarafu hizo hazilali ovyo tena. Anayenunua kwa wauza vitu vya kale, au anayeletewa na jamaa kutoka ng'ambo, aghalabu huipata sarafu imefungwa ndani ya plastiki. Hapo ndipo swali huzuka: je, niitoe? Na nikiitoa, nitafanyaje isiharibike?

Jibu langu ni fupi. Ikiwa plastiki ni laini, itoe sarafu upesi. Ikiwa ni ngumu na imezibwa pande zote, iache hadi uwe na sababu ya kutosha.

Tuanze na iliyo laini. Vimfuko vinavyokunjika na kunuka kama pazia jipya la bafu mara nyingi ni vya plastiki iitwayo PVC. Inapozeeka, hasa mahali penye joto, hutoa asidi na majimaji ambayo hushika kwenye sarafu kama utando wa kijani unaonata. Utando huo hula madini polepole, na shaba ndiyo huumia zaidi. Senti zetu zile zenye tundu nyingi ni za shaba, kwa hivyo usingoje.

Tandika taulo nene mezani ili sarafu ikidondoka isigonge mbao. Kata ukingo wa mfuko kwa mkasi, mbali na sarafu, uufungue kabisa kisha uiache itoke yenyewe. Usiivute ikikwaruzwa. Ishike kwa kingo zake tu, kati ya kidole gumba na cha shahada, maana jasho la vidole huacha alama usoni mwa sarafu. Ukiona ule utando, itumbukize katika asetoni safi ndani ya bakuli la kioo, kisha uiache ikauke bila kuisugua. Fanya hivyo nje, mbali na jiko na sigara, kwani asetoni hushika moto haraka na mvuke wake hudhuru. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, maana nyingi zimetiwa mafuta na manukato.

Kuna pia zile kadi ngumu zenye kidirisha cha plastiki, zilizobanwa kwa pini za stepla. Hapa wengi huiponza sarafu kwa kuzitenganisha kadi kwa nguvu, na ncha ya pini ikapita juu yake. Ng'oa pini zote kwanza kwa koleo dogo, ndipo ufungue. Vile vikasha vya duara vya kubana havina shida: tia ukucha kwenye ufa wa ukingoni, ubinue taratibu. Usitumie kisu.

Sasa tuje kwa kasha gumu, la mstatili, lenye karatasi ya maandishi na namba juu yake. Hayo hutoka kwa makampuni ya kukagua sarafu, na yanayojulikana zaidi ni PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC ya mwaka 1987, zote za Marekani. Wataalamu wao huthibitisha kwamba sarafu si bandia, huipa alama kati ya 1 na 70, kisha huifunga. Ukilivunja kasha, sarafu hubaki ileile lakini ushahidi umekwisha. Mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa kwa kuiamini ile karatasi sasa atakutazama wewe usoni, na bei itashuka.

Kwa hivyo jiulize sababu yako. Kama kasha limekwaruzika tu, makampuni hayo hubadilisha makasha kwa malipo. Kama unataka kuitoboa sarafu iwe kidani cha mkufu, tafuta nyingine isiyo na thamani. Na kama ni mali ya marehemu babu, waulize ndugu zako kabla hujashika koleo. Urithi ulioharibiwa na mmoja huleta ugomvi kwa wote.

Ukiamua kufungua, kwanza piga picha pande zote mbili, namba ionekane vizuri. Vaa miwani ya kinga, maana vipande vya plastiki hiyo huruka kama vya glasi, na watoto wasiwe karibu. Funika sehemu yenye sarafu kwa kitambaa kinene. Kwa koleo la kukatia waya, bana ukingo wa upande wa karatasi, mbali na sarafu, kisha fuata mshono kidogokidogo hadi kasha lipasuke lenyewe. Usipige nyundo juu ya sarafu, usiweke kasha motoni, wala usichomeke bisibisi katikati. Likishaachana, sukuma ile pete inayoishikilia sarafu, si sarafu yenyewe. Ile karatasi itunze pamoja na picha.

Baada ya hapo kuna kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kuing'arisha. Usithubutu! Majivu, ndimu, dawa ya kung'arishia shaba na waya wa kusugulia sufuria huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na anayejua ataliona kosa hilo mara moja. Iweke katika kasha jipya la plastiki isiyo PVC, mahali pakavu, pasipo jua.

Kasha hufunguka kwa dakika tano, lakini hakuna fundi wa kulirudisha kama lilivyokuwa. Haraka haraka haina baraka.