Mcheza gofu, uhurumie mgongo wako

Ewe mcheza gofu unayeamka na maumivu ya mgongo kila Jumatatu, mimi sikushauri uache mchezo. Acha nguvu. Fimbo ndefu za chuma, namba 3 na 4, humfanya mtu kujikamua ili mpira upae. Badala yake, tumia fimbo mseto ziitwazo haibridi. Uzito wa vichwa vyake uko chini na nyuma, hivyo mpira hupaa kwa urahisi. Unapoinua fimbo, usikaze kiuno huku mabega yakigeuka. Acha vyote vigeuke pamoja, kisigino cha mguu wa mbele kiinuke kidogo, kisha umalize ukiwa wima.

Wapo watakaokucheka kwamba hizo ni fimbo za wazee. Waache wacheke, mgongo ni wako. Lakini maumivu yakishuka mguuni na kutia ganzi, mwone daktari upesi.