Wati Elfu Moja za Muheza

Mpwa wangu anaishi Muheza. Riziki yake ni kununua machungwa mashambani na kuyapeleka Dar es Salaam, na fahari yake ni Toyota Altezza, gari la spoti lililoundwa Japani kati ya 1998 na 2005. Mwezi uliopita spika za milango ya mbele zilianza kukoroma. Sponji inayoishika karatasi ya spika ilikuwa imemumunyuka, kama inavyotokea katika magari mengi yanayozeekea kwenye joto na unyevu wetu. Akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Nimepata spika za wati elfu moja. Naomba uniongezee elfu themanini tu."

Nikamwambia asilipe kitu hadi Jumamosi, nitakapofika.

Boksi kweli lilikuwa limeandikwa wati 1,000, kwa tarakimu za rangi ya dhahabu. Nikamwomba fundi, mzee mwenye subira, aichomoe redio tuitazame kwa nyuma. (Redio iliyokuja na gari ilikwisha kuondolewa zamani, redio nyingi za magari ya Japani ya miaka ile hunasa FM ya 76 hadi 90 tu, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.) Fyuzi ilikuwa ya ampea 10. Injini ikiwa inaunguruma, umeme wa gari ni takriban volti 14. Zidisha, msomaji: wati 140. Hizo ndizo redio nzima inazoweza kuvuta kwa mfululizo, na kabla hazijagawanywa kwa spika nne, sehemu yake hupotea kuwa joto. Hata hivyo, usoni mwa redio hiyohiyo pameandikwa wati 50 mara 4. Imeahidi 200, nayo haipokei hata 150.

Tukazigeuza spika zenyewe. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi chenye namba nyingine, kwa maandishi ya kuhitaji miwani: wati 60. Hizo ndizo spika inazoweza kuhimili saa nzima. Zile 1,000 ni za "kilele", yaani kitambo ambacho hakuna aliyetuambia urefu wake.

Fundi hakushangaa. Alisema yeye huangalia kwanza omu, ziwe 4 kama redio inavyotaka, kwa maana zikipungua redio huchemka. Kisha hupima kina cha spika, kioo kisije kikagonga sumaku kikiteremshwa. Mwisho hutazama desibeli, na hapa naomba wanafunzi wangu wasikilize. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiipima umbali wa mita moja, inahitaji nusu tu ya umeme unaohitajiwa na ile ya desibeli 87 ili zitoe sauti sawa. Namba hiyo ndogo ina faida kuliko dhahabu yote ya boksini, nayo ndiyo isiyoandikwa.

Hapo suala linaacha kuwa la mjomba na mpwa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta. Lumbesa ilipigwa marufuku kwa sababu mkulima alikuwa akiuza gunia moja na zaidi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Lakini katika maduka yote niliyopita, Tanga hadi Kariakoo, sijawahi kukuta mtu aliyeulizwa wati zake zimepimwa wapi. Wati ni kipimo kama kilo. Marekani iliona udanganyifu huu mapema, na mwaka 1974 Tume yao ya Biashara ya Shirikisho ikawalazimisha wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu inayodumu. Amplifaya za magari hazikuguswa na kanuni ile, na pengine ndiyo maana uongo ukahamia barabarani.

Najua nitakachoambiwa: spika ni anasa, na nchi ina matatizo makubwa zaidi. Elfu themanini kwa kijana yule ni matenga ya machungwa aliyoyapakia kabla ya alfajiri, na fedha hiyo ina haki ya kulindwa iwe imenunua mbolea au muziki. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo: amrisheni nguvu inayodumu iandikwe kwa ukubwa uleule wa ile ya kilele, upande uleule wa boksi. Kazi hiyo haihitaji maabara mpya.

Mpwa wangu alinunua spika nyingine, za wati 50 za kweli, boksi lake jeupe lisilo na mapambo, na sauti imetulia. Juzi nilimuuliza wenzake wanasemaje. Akacheka. Wanamuuliza ni za wati ngapi, naye bado anawajibu elfu moja.