Manara, Lunyamila au Samatta? Ubishi wa Mwakitolyo

Kazi za gazeti mnazijua. Nilitumwa Mwakitolyo, huku Shinyanga Vijijini, kuandika habari za wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ile niliyotumwa nimeshaikabidhi na mhariri ameshaikata nusu, ndiyo maisha. Hii ninayoiweka hapa hakuna aliyenituma.

Siku ya pili pale, karasha la kusagia mawe liliharibika mkanda. Fundi akaenda kutafuta mwingine, na watu kama ishirini hivi wakabaki wamekaa juu ya viroba vya mawe yao hawana la kufanya. Mnajua wanaume ishirini wasio na la kufanya huongea nini. Walianza na Simba na Yanga, wakatoka hapo wakaingia kwenye swali ambalo nadhani kila kijiwe cha nchi hii kimeshalipitia: mchezaji bora wa Tanzania tangu tuanze kucheza mpira ni nani?

Mzee mmoja mwenye karasha lake, umri wake nakadiria unagusa sabini, hakusubiri mtu amalize. "Sunday Manara. Tufunge kikao."

Vijana wakaguna. Mmoja, bado ana vumbi la duarani kwenye kope, akamuuliza kwa adabu tu: "Mzee, shikamoo tena, lakini huyo Manara tutamwonea wapi? Nioneshe hata dakika moja kwenye simu." Mzee akajibu kwamba Manara aliitwa Kompyuta wakati nchi nzima hakuna aliyeiona kompyuta yenyewe, sasa wewe wa kizazi cha simu unataka ushahidi gani tena? Kijiwe kikaangua kicheko. Hapo nilijua siondoki mapema.

Hoja ya mzee si ya kupuuza. Manara, aliyewahi kuichezea Yanga, alikwenda Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970, akiwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya, na baadaye akacheza Marekani, Austria na Dubai. Fikiria hapo. Hakuna wakala wa kumpigia debe, hakuna video ya kumtumia kocha, hakuna intaneti. Anayekuchukua amekuona kwa macho yake au amesimuliwa na mtu anayemwamini. Kizazi chake na waliofuata nyuma yake kidogo ndicho kilichotupeleka Lagos mwaka 1980, fainali zetu za kwanza za Mataifa ya Afrika, baada ya bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979. Tulikaa miaka 39 ndipo tukarudi. Kwa hiyo mzee anapotuangalia kwa dharau kidogo, ana sababu zake.

Lakini kijana naye ana lake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Wachezaji wote wa kabla ya hapo sisi tunaowabishania hatujawaona, na hata wengi wa wazee wanaoapa kwa majina yao hawakuwaona, waliwasikia. Mtu wa Solwa au Kahama mwaka 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0 na Abdallah Kibaden akaondoka na matatu, alikuwa na nini zaidi ya redio ya mbao na sauti ya mtangazaji wa Radio Tanzania? Mchezaji alikuwa mkubwa kadiri mtangazaji alivyokuwa fundi. Sisemi walisingiziwa ubora. Nasema tu kwamba nusu ya kile mzee anachokikumbuka ni kazi ya mtangazaji, na nilipomwambia hivyo aliniangalia kwa muda mrefu akasema, "Kijana wa gazeti, na wewe basi unajua nini ambacho hukuandikiwa na mtu?" Sikuwa na jibu. Bado natafuta.

Halafu akaongea fundi wa pampu aliyekuwa kimya muda wote. Akasema jina ambalo nilikuwa nalisubiri, maana mpo Shinyanga haiwezekani lisitajwe: Edibily Lunyamila.

Kwa wadogo zangu ambao hawamjui: Lunyamila alikuwa winga. Si winga wa kisasa anayerudisha mpira nyuma kwa beki wake. Anaupokea pembeni, anamsubiri beki asogee, halafu anaondoka. Alikuwemo kwenye Yanga iliyotwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati pale Kampala mwaka 1993, mbele ya Waganda kwao, na alikuwa wa kizazi kilichotwaa Kombe la Chalenji kule Nairobi mwaka 1994 kwa kuifunga Uganda kwa penalti. Lakini kilichomfanya fundi wa pampu amtaje ni kitu kingine. Kabla ya Yanga, Lunyamila alikuwa mchezaji wa Biashara ya Shinyanga. Fundi anasema yeye alimwona Kambarage, kwa macho, akiwa mtoto aliyeingia kwa kujibanza kwenye koti la mjomba wake. "Wengine mnasimuliwa," alisema. "Mimi nilimwona akiwa hana hata jina."

Nikaulizwa na mimi. Ukishajitambulisha kuwa mwandishi wa habari huwezi kukaa katikati. Nikasema Samatta, na nitarudia hapa ili mnitukane vizuri: Mbwana Samatta ndiye mchezaji bora Mtanzania tuliyewahi kuwa naye, na wa pili yuko mbali.

Sababu zangu si za hisia. Simba ilikutana na TP Mazembe mwaka 2011, Mazembe wakamwona na kuondoka naye. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa mfungaji bora kwa mabao 7, na Januari 2016 pale Abuja akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Tuzo hiyo hakupewa na Mtanzania mwenzake aliyemwonea huruma. Akaenda Genk, msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi na timu ikawa bingwa wa Ubelgiji. Novemba 2019 akaruka kichwa Anfield, uwanja wa bingwa wa Ulaya wa wakati ule, na wavu ukatikisika. Liverpool walishinda 2-1, sawa, lakini nani kati yetu anakumbuka bao lao la pili?

Kuna mtu pale kijiweni alisema "lakini Villa alifeli". Hii huwa inaniudhi. Ndiyo, alipata bao moja la Ligi Kuu ya Uingereza katika mechi 14. Alifika Januari 2020 kwenye timu inayozama, akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kisha korona ikafunga dunia. Kama huko ndiko kufeli, tunaomba wengine kumi waje wafeli hivyo hivyo. Baada ya hapo amepita Uturuki, amerudi Ubelgiji, amekuwa bingwa wa Ugiriki na PAOK mwaka 2024, na mwaka 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa. Zaidi ya miaka kumi analipwa kwa kufunga mabao nje ya nchi. Tuna wangapi wa hivyo?

Mzee hakukubali, lakini alilegeza kamba. Alisema Samatta atakuwa bora wa kazi, Manara bora wa mpira. Nikamwambia mimi kipimo changu ni kazi. Akasema, "Basi umepima mshahara." Huyu mzee angefaa kuwa mhariri.

Sasa ngoja niwaambie kilichonifanya nikae macho usiku ule kwenye gesti ya mbao huku jenereta la jirani likinguruma. Si Samatta wala Manara. Ni yule kijana wa vumbi kwenye kope. Nilipomwuliza wa kwake ni nani, nilitegemea aseme Samatta kama mimi. Akasema George Mpole.

Kijiwe kilicheka. Nami nilicheka, naungama. Mpole? Mbele ya Lunyamila? Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mwaka 2022 alikuwa anachimba Geita, na kila Geita Gold ilipocheza nyumbani alikuwa anatafuta namna ya kuwepo. Msimu ule wa 2021/22, wa kwanza wa Geita Gold Ligi Kuu, Mpole aliibuka mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Timu ya mji wa machimbo, kinara wa mabao Mtanzania, akampita Mkongomani aliyekuwa akiwatetemesha mabeki wa nchi nzima. Na timu ikapata nafasi ya kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. "Mimi Samatta namwona kwenye kibanda umiza kwa shilingi mia tano," alisema. "Mpole nilikuwa namwona anapita kwa miguu."

Huyu kijana na yule fundi wa pampu wanasema kitu kimoja, ila mmoja ana miaka hamsini na mwingine ishirini na mbili. Wote wawili bora wao ni yule aliyecheza mahali ambapo wao waliweza kufika. Ukiniuliza ubora nitakupa Samatta na hesabu zake, siyumbi hapo. Lakini hawa walikuwa wanazungumzia jambo ambalo hesabu zangu hazilijibu, nalo ni mtu wa huku anaonekanaje.

Maana tuhesabu. Stand United, Chama la Wana, timu iliyoanzia kwa watu wa stendi ya Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ikapata udhamini wa kampuni ya dhahabu ya Acacia, ikaingia kwenye mgogoro wa wenye kampuni na wenye uanachama, na mwaka 2019 ikashuka. Mwaka 2025 ilifika kwenye mchujo wa kupanda, ikakwama mbele ya Fountain Gate. Mwadui, watoto wa mgodi wa almasi, walipanda msimu wa 2015/16. Mgodi ukasimamisha uzalishaji mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka 2021 timu ikashuka. Geita Gold nayo ikashuka mwaka 2024. Ndani ya miaka mitano ukanda wote huu wa dhahabu na almasi ulipoteza timu zake tatu za Ligi Kuu. Jirani zetu wa Mwanza angalau wameirudisha Pamba mwaka 2024, ile Pamba iliyotutolea kina Nteze John, George Masatu na Khalfan Ngassa, baba yake Mrisho.

Na Mrisho mwenyewe ni mfano mzuri. Huyu amefunga mabao 25 Taifa Stars, na mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa vinara wa mabao wa Ligi ya Mabingwa Afrika. Mtoto wa Mwanza, akaonekana Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Misenyi. Yanga wakamkuta hapo. Bila Kagera Sugar kuwa Ligi Kuu angeonekana na nani? Bila Biashara ya Shinyanga, Lunyamila angekuwa nani? Labda angekuwa mwenye karasha la jirani, na sisi tungekuwa tunamsalimia tu.

Najua mtaniambia siku hizi kuna akademi. Zipo Dar, na hongera kwao. Najua pia mtaniambia siku hizi kuna simu, kila mtu anaweza kurekodiwa. Yule kijana simu anayo. Aliyemrekodi hayupo.

Kwa sababu kumbe anacheza. Hakuniambia yeye, aliniambia yule mzee. Saa kumi na moja jioni, mkanda wa karasha umeshapatikana na kelele zimerudi, nikawafuata kwenye uwanja wao, kipande cha ardhi kilichobanwa na vifusi vya mawe, goli moja la miti na jingine la mabomba. Kijana ana mguu wa kushoto, jamani. Sina haja ya kutia chumvi, nimekaa jukwaa la waandishi pale Mkapa mara nyingi na najua mguu wa kushoto ukiuona. Alimpita beki mara tatu kwa njia ile ile, na mara ya tatu beki mwenyewe alicheka.

Mzee alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono nyuma. Nikamwuliza, huyu mbona hamumpeleki mahali? Akaniuliza, "Wapi?"

Nikataja Stand. Akanyamaza. Nikataja Geita. Akasema nauli ya kwenda na kurudi, na siku ambazo hataingia duarani, nani atamlipia? Na akifika huko amwone nani, aseme ametumwa na nani? Sikuwa na jina la kumpa. Nilikuwa na namba ya simu ya kocha mmoja wa daraja la kwanza, nikampigia palepale, haikupatikana.

Kabla kiza hakijaingia kijana aliomba kupumzika. Zamu yake ya kushuka ilikuwa saa mbili usiku.

Nimempigia tena yule kocha leo asubuhi. Ameniambia nimletee video.