Wasome riwaya yenyewe
Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE nchini Kenya humtaka mtahiniwa aandike insha tatu, moja ya kubuni na mbili kuhusu vitabu teule, kila moja ikiwa na alama 20. Basi wanafunzi wengi hukimbilia miongozo ya madukani na kukariri maudhui na sifa za wahusika. Hili linaniuma sana. Anayeijua Blossoms of the Savannah, riwaya ya Henry ole Kulet iliyowahi kuwa kitabu teule, kwa muhtasari tu hajamwona msichana Resian akipigania masomo yake na kuukataa ukeketaji. Walimu, kabla ya swali la mtihani, waulizeni wanafunzi: ungekuwa Taiyo, dada yake Resian, ungemwambia nini baba yako? Kisha wapeni nusu saa waandike, na siku hiyo msisahihishe sarufi.