Azabu Ikuje Nyuma ya Swali



Muchezaji akikosa ku kiwanja, wengi wanapiga kelele mara moja: «Afukuzwe!» Wakubwa wa michezo nao wanaogopa midomo ya watu na magazeti, basi wanafanya vile. Kwa mawazo yangu, ile si kuongoza. Waulize kwanza, halafu waazibu.

Tuangalie Kombe la Dunia la mwaka 1974 kule Ujerumani ya Magaribi. Ekipe yetu, wakati ule inchi ikiitwa Zaïre, ilitoka kushinda Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba aliingiza magoli 9 katika kombe lile, na mpaka leo hakuna aliyemupita.

Lakini kule Ujerumani wachezaji walisikia kwamba feza walizoahidiwa hazitawafikia. Walitaka hata kukataa kucheza. Tarehe 18 ya mwezi wa sita waliingia kiwanjani na roho nzito, Yugoslavia ikawapiga 9-0. Siku ile arbitri alipigwa teke. Akafukuza Ndaye, kumbe mwenye kupiga ni Mwepu Ilunga! Munaona hatari ya kuazibu bila kuuliza?

Siku 4 nyuma walicheza na Brazili. Wabrazili wakiwa tayari kupiga mupira wa azabu, Mwepu alitoka mbio katika ukuta, akaupiga mbali. Watangazaji wa Ulaya walicheka: ati Waafrika hawajui sheria. Miaka mingi kisha, Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira juu ya zile feza. Kama wakubwa wangeita watu wa magazeti kesho yake na kusema ukweli wote, pamoja na deni lao, kicheko kile kingekufa mapema. Lakini mpaka leo kinazunguka dunia.

Wengine watasema: deni si ruhusa ya kupiga arbitri. Kweli kabisa! Mwenye kupiga teke alistahili azabu. Lakini hayo ni mashauri mawili. Kosa la muchezaji lina azabu yake, deni la mukubwa lina malipo yake. Moja haliuwi lingine.

Hapa kwetu ni vilevile. Fujo ikitokea, komite ya michezo isikie muchezaji, kapiteni na arbitri, kila mutu peke yake. Azabu iandikwe, siku zake zihesabiwe, na sababu yake isomwe mbele ya wote, ili masengenyo yakose nafasi. Na kama komite iliahidi viatu ao chakula cha safari, itoe.

Ukimunyima mutoto haki yake nyumbani, usishangae akikuletea haya mbele ya wageni.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5