Ubuyu wa Soksi: Kirafiki Siyo Bure

Najua wengi mmekuja kutafuta mwendelezo wa yule staa na mchumba wake mpya. Huo upo kwenye posti ya jana, shukeni chini mtaukuta. Leo nina ubuyu wa soksi. Ndiyo, soksi, hizi hizi za kuvaa mguuni. Tulieni, maana humu ndani kuna staa, kuna skrinishoti, na mimi mwenyewe nimo na sijatoka msafi.

Tuanze taratibu. Mnaonifuatilia muda mrefu mnajua kwamba nisipoblogu, nafuma. Nilijifunza bweni, kidato cha pili, kwa rafiki yangu aliyekuwa anafuma kofia za watoto. Soksi nimejifundisha mwenyewe YouTube, kwa bando la kuungaunga. Sindano za soksi zinatakiwa nyembamba, milimita 2 mpaka 2.5, na mimi Kariakoo nilikutana na za sweta tu, nene kama penseli. Nikaenda kwa fundi baiskeli hapa mtaani, nikanunua spoku tano, akanikatia, nikazichonga ncha kwenye sakafu ya saruji hadi majirani wakalalamika. Spoku ya kawaida ina unene wa kama milimita 2. Nne zinabeba soksi, ya tano ndo inafanya kazi. Zipo mpaka leo.

Na kabla hamjaniuliza "soksi za nini na joto hili la Dar", kuna watu wanaishi Lushoto, Njombe, Mufindi. Nendeni huko mwezi wa saba halafu mrudi mnicheke.

Sasa shindano. Wenzetu wanayo makubwa ya mtandaoni. Lipo moja linaitwa Sock Madness, limeanza 2007, mwaka uleule ulioanza Ravelry, ule mtandao wa wafumaji wa Marekani. Jina wameliiga kwenye mashindano ya kikapu ya vyuo vya kule. Kila raundi unatoka mchoro mpya wa soksi ambao washindani hawajauona, wote mnaanza, mnafuma pea nzima, wanaowahi kumaliza wanaenda mbele. Kilichonifurahisha ni kwamba ukitolewa hufukuzwi. Unaweza kubaki kama mshangiliaji na michoro inayofuata unaipata vilevile.

Sisi tuna ka kwetu kadogo, kwenye grupu la WhatsApp. Tupo 38, wengi Dar na Arusha, wengine Nairobi, wawili wapo Muscat na mmoja yuko baridini Ulaya huko anatutesa na picha za nyuzi nzuri. Sheria tumeziiga hizohizo. Zawadi hamna. Mshindi anachangiwa mabunda ya uzi, basi. Ndo maana tunaliita la kirafiki.

Mchoro wa raundi ya pili alitutengenezea dada mmoja wa Lushoto. Kazi yake kila siku ni kufuma masweta ya shule kwa oda. Jina silitaji, mtaona baadaye kwa nini.

Naomba niwaeleze alichofanya, maana watu wanadhani kubuni soksi ni kuchagua rangi. Alitaka soksi yenye ukili, ule msuko wa mkeka wa kwetu, unaopanda mguu mzima kwa mshazari. Na alitaka ukili wa mguu wa kulia uegemee kulia, wa kushoto uegemee kushoto, ukisimama miguu miwili ikae kama mkeka uliofunguliwa katikati. Mimi nilivyoona ile picha nilikaa kimya dakika nzima.

Tatizo likaja kwenye hesabu. Chukua mguu wenye mzunguko wa sentimita 22. Soksi lazima iwe ndogo kidogo kuliko mguu, kama sehemu ya kumi hivi, ili ibane isishuke. Kwa hiyo unafuma ya sentimita 20. Uzi mwembamba wa soksi unakupa kama vitanzi 32 kwenye sentimita 10, kwa hiyo unahitaji vitanzi 64 kuzunguka. Sasa msuko wake wa kwanza ulikuwa wa vitanzi 12. Gawanya 64 kwa 12 uone. Haiingii. Akajaribu vitanzi 60, ikaingia mara tano, lakini saizi inayofuata inakuwa 72 na ya chini yake 48. Yaani kutoka saizi moja kwenda nyingine ni karibu sentimita 4! Mwenye mguu wa katikati atavaa nini, gunia? Akafumua yote. Akapunguza msuko mpaka vitanzi 8, na hapo 56, 64 na 72 zote zikakubali, saizi zikapishana sentimita 2 na nusu tu. Lakini kuubana ukili kwenye vitanzi 8 bila kuonekana kama mnyoo, hapo alifumua mara nne. Wiki tano, usiku, baada ya masweta ya watu. Akaandika maelekezo ya maneno, akachora na miraba kwa wasiopenda maneno, saizi tatu, kisigino, na ule mshono wa kufungia vidole ambao wazungu wameuita kwa jina la Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Akawapa watu wawili wajaribu kwa siri. Halafu akatupa, bure.

Ijumaa saa mbili usiku mchoro ukatoka. Mimi nina kisirani cha kuanza na mguu wa kushoto, sijui kwa nini. Nikakesha. Alfajiri naangalia, ukili umekatika, kama mkeka uliong'atwa na panya. Nikahesabu na kurudia kuhesabu, kumbe kosa siyo langu. Mstari wa 14 wa mguu wa kushoto ulikuwa umenakiliwa kutoka mguu wa kulia bila kugeuzwa. Wale wajaribu wawili, kwa sababu ya muda, kila mmoja alifuma soksi moja tu, na wote walifuma ya kulia. Nikamtumia ujumbe, akaomba radhi, mchana wa Jumamosi tukapata toleo lililosahihishwa. Grupu zima likanisifia. "Jicho la mwewe hilo." Nikavimba kichwa. Mwisho nikamaliza wa tatu kwenye timu yangu, nikavuka raundi.

Wiki tatu baadaye ndo ubuyu unaanza.

Kuna dada mmoja wa mitandaoni, wafuasi wake ni wengi kuliko watu wa kata yangu. Mavazi, vipodozi, vijembe, mnamjua, na hata mkidhani mnamjua msimtaje kwenye maoni, nitafuta. Akapandisha video ameshika pea ya soksi za ukili. "Mbunifu wenu nimerudi, nimechukua utamaduni wetu nikauweka mguuni." Mchoro unauzwa shilingi 5,000, unatumiwa WhatsApp. Maoni mia na kitu, moto moto, malkia malkia. Nikajiambia labda na yeye kawaza ukili, mikeka ipo kila nyumba. Nikalipa 5,000 yangu. Nikafungua. Nikaenda moja kwa moja mstari wa 14, mguu wa kushoto.

Kosa lipo palepale.

Jamani, watu wawili wanaweza kuwaza mkeka. Hawawezi kukosea mstari uleule, mguu uleule, kwa namna ileile. Na kuna kitu kingine nilikielewa hapohapo, mikono ikaanza kunitetemeka. Lile toleo lenye kosa liliishi kwenye grupu usiku mmoja tu. Mwenye nalo alilipata kabla ya Jumamosi mchana. Na mimi ile Ijumaa, saa nne usiku, rafiki yangu mmoja aliona picha niliyoweka statasi, akaniambia "nitumie na mimi nijaribu". Nikamtumia. Sikuwaza hata sekunde mbili. Na kwenye ile picha sikuandika ni mchoro wa nani, niliandika "kazi inaendelea" na moto mbili. Rafiki yangu anamtengenezea kucha yule staa. Malizieni wenyewe.

Kwa hiyo ninapoandika hapa siandiki kama malaika. Mlango niliufungua mimi.

Ila nataka kujibu yale mnayosema huko kwenye maoni ya watu, maana yamenichosha. La kwanza, "si lilikuwa shindano la kirafiki tu, mbona mnalia?" Hivi mtu akikualika pilau nyumbani kwake, bure kabisa, ndo unatoka na sufuria unaenda kuuza barabarani? Alitupa sisi 38 tufume na kucheka. Kwa sababu hamna hela ndani yake, jina ndo malipo pekee aliyokuwa nayo. Kwenye shindano la hela angalau mbunifu angelipwa mapema, ukimwibia jina anabaki na chochote. Hapa ukichukua jina umechukua vyote. Mimi naona la kirafiki ndo linahitaji adabu zaidi, na naona hata sisi kwenye grupu tumelichukulia poa. Tunampigia makofi anayewahi kumaliza, picha yake inazunguka, aliyekaa wiki tano anahesabu vitanzi anapata "asante dada" moja na kidole gumba.

La pili, "ukili ni wa mabibi zetu, hauna mwenyewe". Hili lina ukweli na sitalikimbia. Ukili ni wa wote, na dada wa Lushoto hajawahi kusema kaubuni yeye. Kesho na wewe fuma soksi ya ukili, hakuna wa kukuuliza. Lakini ile karatasi, yale maneno, ile miraba iliyochorwa mmoja mmoja, ni kazi ya mtu mmoja. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, COSOTA ipo, na maandishi ya mtu ni maandishi ya mtu hata yakiwa ya soksi. Tena staa angeukaa ukili mwenyewe akauhesabu, angekosea sehemu yake tofauti, na leo ningekuwa namsifia hapa.

La tatu ni "mnatafuta kiki". Sawa. Kwa soksi?

Nilimpigia dada wa Lushoto Jumapili. Nilizunguka siku mbili kabla ya kubonyeza namba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, wa mstari wa 14 hujambo?"

Ananitania hivyo tangu siku ile, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia yote, statasi, rafiki, kucha, staa. Akanyamaza. Nasikia cherehani ya mtu nyuma yake inaenda. Nikategemea aseme hela, maana nilishapiga hesabu ya 5,000 mara watu wote wale na kichwa kiliniuma.

"Kwa hiyo kauza na kosa lake?" akaniuliza.

"Ndiyo dada. Na lipo hadi leo."

"Sasa hao watu si wanafumua usiku wanadhani wao ndo hawajui kufuma?"

Nikarudi kusoma yale maoni upya, safari hii taratibu. Kati ya malkia malkia zipo sauti ndogo. "Dada mguu wa kushoto unanikataa." "Mimi nimerudia mara tatu labda sina kipaji." "Nimeacha." Hakuna aliyejibiwa. Mimi nilimwandikia staa pale chini, kwa heshima, kwamba mstari wa 14 una kosa na mchoro una mwenyewe. Nikala bloku ndani ya nusu saa. Rafiki yangu naye amenikaushia, na kusema kweli sijui kama nina haki ya kumlaumu.

Jina la dada sijaliweka kwa sababu kaniomba. Ana wateja wa shule, hataki jina lake lipigwe vijembe na timu za mtandaoni. Ndiyo, naiona, nimeandika ukurasa mzima kudai jina la mtu halafu sijalitaja. Kwenye grupu tumelibandika juu kabisa, na raundi ya tatu kila aliyeweka picha kamwandika mbunifu mstari wa kwanza, mimi nikiwa wa kwanza kukumbushwa. Na ile picha ya statasi nimeipandisha upya kwa wale walioiona.

Kitu kimoja tu alichoomba niweke hapa ndo hiki, kwa yeyote aliyenunua mchoro wa ukili kwa 5,000, popote ulipo. Una kipaji, hujakosea. Mguu wa kushoto, mstari wa 14, palipoandikwa uweke vitanzi viwili nyuma ya kazi kabla ya kupishanisha, viweke mbele. Vifume viwili vinavyofuata kwanza, halafu vile vya mbele. Rudia hivyo mzunguko mzima, kila vitanzi 8. Kama ulishapita, fumua mpaka mstari wa 13 tu, usifumue soksi yote. Ukikwama, tuma picha kwenye maoni hapa chini. Nitampelekea, kasema atajibu usiku akishamaliza masweta.