Nguo Zinazojisifu

Mama yangu huuza nguo za mitumba, nami wakati wa likizo humsaidia kufungua belo. Likizo iliyopita tulikuta shati ambalo kadi yake ya kijani ilikuwa bado inaning'inia ukosini, imeandikwa kwa Kizungu ya kwamba shati hili ni rafiki wa dunia. Mama hakuisoma. Alishika mshono kwa vidole viwili, akauvuta, ukaachia. Shati likaingia katika fungu la matambara. Tangu siku ile najiuliza, kadi ile ilimwambia mnunuzi wa kwanza habari gani hasa?

Makampuni ya nguo ya Ulaya na Marekani siku hizi yapenda sana maneno ya namna hii. Sisemi kwamba yote ni uongo. Ubaya wake ni kuwa hayapimiki. Mwaka 2022 mamlaka ya Uholanzi isimamiayo masoko na haki za wanunuzi iliona ya kuwa neno "Conscious" la H&M na neno "Ecodesign" la Decathlon hayakueleza wazi faida yenyewe ni ipi. Makampuni hayo yakakubali kuyarekebisha au kuyaacha, tena H&M ikatoa euro 500,000 na Decathlon euro 400,000 kusaidia kazi za kuhifadhi mazingira. Ni fedha nyingi kwa maneno mawili!

Hata neno la kweli laweza kutupoteza. Tukiambiwa fulana imetokana na chupa za plastiki, twafurahi, twadhani taka zimekwisha. Kumbe chupa yaweza kuyeyushwa ikawa chupa tena, lakini ikiisha kuwa fulana ni taabu kuigeuza kitu kingine, na kila ifuliwapo hutoa nyuzi ndogo mno zinazokwenda na maji.

Wako wenzangu bwenini wasemao kwamba makampuni yakibanwa mno yatanyamaza kabisa, nasi hatutajua lolote. Hoja hiyo ina nguvu, na usiku ule sikuweza kuijibu. Jibu nalipata katika tangazo la kampuni ya Patagonia lililotoka katika gazeti la New York Times tarehe 25 Novemba, 2011. Lilionyesha picha ya koti lao wenyewe na kumwambia msomaji asilinunue. Kisha likatoa hesabu: koti moja lilitumia maji lita 135, yatoshayo watu 45 kwa siku, glasi tatu kila mtu, lilitoa hewa ya kaboni karibu ratili 20, mara 24 ya uzito wake, likaacha taka kiasi cha theluthi mbili za uzito huo. Najua, nao ni wafanya biashara, na tangazo ni tangazo. Lakini hesabu hukaguliwa, hata na mwanafunzi mwenye kalamu. "Rafiki wa dunia" utaikaguaje?

Mimi ningeomba hesabu moja zaidi katika kadi ya kijani: nguo hii itafuliwa mara ngapi kabla ya mshono kuachia? Mnunuzi wa kwanza aliweza kulishika shati lile dukani na kulivuta. Mama hununua belo likiwa limefungwa. Hasara ya mshono mbovu ni yake, na matambara yakichomwa jioni, moshi ni wa mtaa wetu.